Mama Yangu Nimemfanya Bubu Mbele ya Wageni

Mpendwa mshauri,

Nisaidie, na nikikuudhi katikati nakuomba unisome tu mpaka mwisho, kwa sababu habari hii nimeshamwambia mwenzangu mmoja wa kazini akacheka hadi akakaa chini, na mimi sikuwa natania. Mimi ni mtembeza wageni katika mji wa kale wa kisiwa chetu, mwaka wa tisa sasa, nawapokea gatini wakishuka kwenye boti, nawapitisha vichochoroni, nawaonyesha ngome na mnara wa taa na soko la samaki, halafu mwisho kabisa nawapeleka kwenye nyumba moja ya kawaida wamwone bibi akisuka vikapu vya ukindu kibarazani, na kampuni yetu inakiita kituo hicho "maisha halisi ya kisiwani". Nyumba hiyo ni ya kwetu, na bibi huyo ni mama yangu mzazi, ingawa wageni sikuwahi kuwaambia.

Mama yangu, mshauri, ni mtu wa maneno. Simsemi vibaya, mtaa mzima unajua, akienda dukani kununua chumvi atarudi na habari za nyumba saba na chumvi kaisahau huko huko. Mara ya kwanza nilipompelekea wageni, miaka sita iliyopita, mmoja wao akamuuliza kupitia kwangu kama anafurahi watalii wakija, swali la kujibu kwa neno moja tu, mama akaweka kikapu chini akaanza: kwamba njia ya kwenda kisimani imezibwa na ukuta wa hoteli mpya, kwamba wanawake sasa wanazunguka mpaka nyuma ya shule na ndoo kichwani, kwamba magoti yake yameisha, na je, hao wageni wanalala hoteli hiyo hiyo? Walikuwa wanalala hoteli hiyo hiyo. Mimi nikatafsiri kwamba anafurahi sana na anawakaribisha tena, wageni wakaona maneno ya dakika kumi yametoa sentensi moja, wakatazamana, na jioni bosi akaniita ofisini akaniambia kituo cha dakika kumi na tano kimekula arobaini, na meneja wa hoteli ile ni mtu wetu, kwa hiyo bibi yule nimtafutie dawa au nitafute bibi mwingine.

Dawa niliyoipata ndiyo iliyonileta kwako. Kundi lililofuata nikaliambia, kabla hatujakata kona, kwamba bibi tunayekwenda kumwona ni bubu wa kuzaliwa, akisemeshwa anaona uchungu, kwa hiyo tuingie kimya, tuweke mkono kifuani na kuinama kidogo, basi. Na mama nikamwambia kwamba wageni hawa kwao ni utovu wa adabu kuongea mbele ya mtu mzima anayefanya kazi, na mwenyeji akiongea ndiyo kawaaibisha kabisa. Mama akawahurumia hata hao wageni, akasema, "Masikini, sasa na kimya chote hicho wanaishije?" Lakini alitii. Mara mbili kwa wiki, miaka sita, alikaa pale ameubana mdomo, na wakishaondoka nikirudi nyumbani anafumuka yote: yule mwenye kofia ana huzuni, baba, umemuuliza ana nini? Yule msichana mjamzito mbona anatembezwa juani?

Wageni walipenda mno. Wengine walisema hawajawahi kuona utulivu kama ule, na kampuni ikachapa picha ya mama kwenye kipeperushi, chini yake imeandikwa "Bibi Asiyesema". Maswali yao wakawa wananiuliza mimi, pembeni, kwa sauti ya chini, nami najibu kinachonijia. Kajifunza kusuka kwa nani? Nikasema kwa bibi yake, mke wa nahodha. Kazaa wangapi? Wawili. Akikaa peke yake anafikiria nini? Nikasema bahari, na hilo waliliandika kwenye vitabu vyao.

Sasa mwezi uliopita akaja mama mmoja mtu mzima, nywele nyeupe zote, kumbe ujanani aliwahi kuwa muuguzi pande zetu hizi na Kiswahili anakijua vizuri, ila tangu gatini hakufungua mdomo, mimi ningejuaje? Tulipofika, wenzake wakaweka mikono vifuani, yeye akachuchumaa mbele ya mama akasema, "Pole na kazi, dada." Mama akanitazama. Hapo ndipo panaponiua, mshauri, kwamba hakumjibu papo hapo, alinitazama mimi kwanza kama mtu anayeomba ruhusa, kwenye kibaraza chake mwenyewe, na mimi nikatikisa kichwa kumkataza. Lakini salamu ni deni, na mama hajawahi kuiacha ipite, akajibu, "Nishapoa, dada yangu, karibu," na wale wageni wakapiga kelele, mmoja akaanza kulia akidhani ni muujiza, mwingine anatafuta simu apige picha. Yule muuguzi akasema, "Kumbe unasema! Sisi tumeambiwa wewe ni bubu tangu kuzaliwa."

Mama akauliza, "Kasema nani?" Muuguzi akanigeukia.

Mama akacheka kwanza. Akasema, "Bubu? Huyu nilimzaa kwa ukelele uliosikika mtaa wa pili!" Alipoona sicheki na yeye akaacha, akakusanya ukindu wake, akaingia ndani akafunga mlango, nikabaki na wageni kumi na mmoja kibarazani sijui niwapeleke wapi.

Siku ya pili akahamia kwa dada yangu mkubwa, upande wa pili wa kisiwa. Dada anasema huko anaongea na kila mtu, mpaka na fundi aliyekuja kuziba bomba, lakini mimi nikikanyaga kizingiti tu anafunga mdomo, ananikaribisha kiti kwa mkono, analeta chai kwa mkono, ananiaga kwa mkono. Nimepiga magoti. Nimepeleka kitenge, kiko palepale kwenye mfuko wake. Nimemtuma shangazi akanisemee, karudi na jibu moja: "Anasema bubu hana la kusema."

Na huku msimu ndio unaanza, baada ya wiki mbili kuna kundi kubwa linakuja, vipeperushi vimeshachapwa, bosi anataka bibi. Nimemwona mjane mmoja jirani, mpole, hana maneno mengi, nafikiri nimkalishe pale kwa muda kwenye nafasi ya mama, maelezo yabaki yale yale, huku nikiendelea kumbembeleza mama mwenyewe. Naomba uniambie nitumie njia gani anisamehe upesi. Mimi si mtoto mbaya, bati la nyumba ile nimeezeka mimi, na uongo wenyewe haukumdhuru mtu, vikapu vilinunuliwa na wageni waliondoka wamefurahi. Ila naogopa radhi ya mama, mshauri, na nikimwona ananiaga kwa mkono kifuani kama ninavyowafundisha wageni, nashindwa hata kula.

Mtembeza wageni aliyekosa

* * *

Mtembeza wageni,

Wahenga walisema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Mimi nitakuambia, mara moja: pole. Kuingia kwa mama yako ukapokewa kwa mikono kama mpita njia ni jambo la kuumiza, na naamini huli. Hiyo ndiyo pole yako yote, usiitafute nyingine huko chini.

Sasa tuongee. Umeandika neno "upesi". Mtu mzima umembana mdomo miaka sita, unataka akusamehe ndani ya wiki mbili ili awahi boti? Barua yako nimeisoma mara tatu kutafuta mahali unapouliza mama anajisikiaje. Hapapo. Palipo ni kundi, msimu, kipeperushi na bosi, na mama yuko katikati yao kama kiti kilichokosekana ukumbini.

Unasema uongo haukumdhuru mtu. Haya, na kile kisima? Mama yako alipata bahati ambayo wenzake wa mtaa ule hawakuipata, aliulizwa swali na watu wanaolala nyuma ya ule ukuta, wenye pesa, ambao hoteli ingewasikiliza. Akawajibu kweli tupu. Wewe ukawaambia anafurahi sana. Leo mwaka wa sita wanawake bado wanazunguka nyuma ya shule na ndoo kichwani, na magoti ya mama yako ni mojawapo ya yale unayodai hayakudhurika. Bati uliloezeka halifuti hilo, na kuezeka nyumba ya mama si hisani, bwana, ni wajibu.

Tena ulimdanganya yeye zaidi ya ulivyowadanganya wao. Mwanamke mchangamfu, anayemsikitikia mgeni asiyemjua kwa sababu tu ya kofia yake, ukamfanya aamini kwamba watu wa dunia nzima wanakuja mlangoni kwake na hawataki neno lake. Alivumilia kwa heshima yao, na kwa heshima yako. Alipokutazama kabla ya kuitikia salamu, ulikuwa na nafasi ya mwisho ya kuwa mwana. Ukatikisa kichwa. Mimi nisingekuwa na haraka ya kusahau, na sijakuzaa.

Mjane wa jirani mwache. Nasema mwache! Unataka kumtoa mama mmoja uongoni umtie mwingine, na huyu wa pili umemchagua kwa sababu hatakusumbua. Nikisikia umemkalisha pale, nitaisoma barua yako redioni, na jina lako ninalo kwenye bahasha.

Kesho asubuhi nenda kwa bosi wako, simama, sema kituo kile kimefungwa na picha ya mama iondolewe kwenye vipeperushi, vilivyochapwa na visivyochapwa. Atafoka. Mwache afoke. Akikuachisha kazi, mtembeza wageni wa miaka tisa hakosi pa kushika, na kama ukikosa, beba mizigo gatini kama wenzako. Kama utabaki, wageni wako waambie ukweli wa mji ule, na ukuta wa kisimani uwe mojawapo ya vitu unavyowaonyesha.

Halafu nenda kwa dada yako. Usibebe kitenge, usimtume shangazi, usipige magoti, maana hayo yote ni namna ya kumlazimisha akuinue. Kaa chini. Usijieleze, umeshajieleza sana katika maisha ya mama huyu. Chukua yale maswali ya wageni, yale uliyokuwa unayajibu pembeni kwa sauti ya chini, umuulize yeye. Nani alikufundisha kusuka, mama? Umezaa wangapi? Uliwaambia wawili, wewe na dada yako, lakini una hakika? Wanawake wengi wa umri wake wamezika watoto ambao nyumbani hawatajwi, na najua ninachokisema. Ukikaa peke yako, mama, unafikiria nini?

Uliza swali moja, unyamaze. Asipojibu, kunywa chai yake, aga vizuri, rudi siku ya pili na swali lile lile. Usihesabu siku wala usimhesabie msimu. Anaweza kukataa mpaka mwisho, na akikataa ni haki yake, wala usije kunishitakia mimi.

Lakini fanya haraka kwenda, kwa sababu ni mtu mzima. Watu wamevuka bahari kuja kumuuliza habari zake, wewe umelelewa ndani ya nyumba yake na hujawahi kumuuliza hata moja. Akifa kabla hajakujibu, watoto wako watataka kujua bibi yao alikuwa nani, nawe hutakuwa na la kuwaambia isipokuwa yale uliyowaambia wageni.