Kikao cha Kumwamulia Mama

3 Machi

Mdogo wangu Profesa,

Habari za huko? Mafua yamekuachia? Sisi wazima, ukimtoa mama. Nimeona nikuandikie, maana nikishika simu tu mjomba anasogea karibu, masikio wima.

Mama amechoka na ile mashine ya kusafisha damu. Akitoka hospitali anarudi hoi, anatapika mpaka kesho yake, na keshokutwa gari la mjomba liko mlangoni tena kumpeleka. Daktari ametuambia bila kuficha kwamba figo hazitapona. Mama ameniambia, "Inatosha. Nataka nilale kwangu." Na akili yake timamu kabisa: juzi kanigombeza kwa kumshonea pindo kombo, mimi fundi cherehani!

Mjomba anasema kuacha matibabu ni kujiua, na atakayemsaidia ni muuaji. Ameitisha kikao Jumapili. Wewe ndiye unayefundisha maadili chuoni. Ulipokuja likizo ulikaa kitandani pake, ukamwambia mtu mzima ndiye mwenye mwili wake, na si haki kumtumia ili wengine watulie. Tangu siku hiyo anayarudia maneno hayo kila akiamka. Njoo uyaseme mbele yao.

Dada yako

5 Machi

Shikamoo dada,

Natumaini mmeamka salama. Nakuja. Mwambie mama asiwe na wasiwasi, nitamsimamia. Mjomba niachie mimi.

Mdogo wako

12 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini ulifika salama. Salamu nyingine sina.

Mjomba alipokugeukia na kusema, "Na wewe msomi wetu?", mimi nilikuwa nimeshasimama nikuunge mkono. Ukakohoa. Ukasema ipo nadharia nyingine, ya kupima raha na maumivu ya watu wote: wajukuu, ndugu, mjomba aliyekwisha kuzika dada wawili. Ukatupanga sote upande mmoja wa mizani, na mama peke yake upande wa pili. Angeshindaje? Mjomba akakukumbatia, nami nikabaki nimesimama kama mlingoti.

Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Mama alisikia yote, na wewe ukaondoka bila hata kumuaga. Aliniambia, "Kumbe naye yuko upande wao." Kisha akageukia ukutani.

Umetusaliti. Sitalitafutia jina zuri zaidi. Na katika hesabu yako yote ile, hukumhesabu atakayemshikia beseni.

Dada yako

2 Aprili

Shikamoo dada,

Mama anaendeleaje? Na mgongo wako? Nimeandika barua hii nikachana, nikaandika tena.

Nilikuja na maneno yangu tayari. Nilipomwona mjomba analia, nikaingiwa na woga. Darasani mgonjwa hana sura, dada. Pale alikuwa mama, na sikutaka afe, basi. Nikashika nadharia ya kwanza iliyonipa ruhusa ya kumng'ang'ania.

Wiki iliyopita niliwapa wanafunzi kisa hicho, bila kutaja ni cha nani. Karibu wote walisema mgonjwa aachwe aamue mwenyewe. Niliwapa alama zote. Kisha nikajifungia ofisini nikalia.

Nisamehe. Nije?

Mdogo wako

9 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Mgongo hivyo hivyo.

Nilimsomea mama barua yako. Tulipofika pa wanafunzi alicheka mpaka nikamwinua akae. "Hao watoto," akasema, "ndio wangeletwa kikaoni."

Jumatatu mjomba alikuja kumchukua. Mama akakataa kuvaa viatu. Nikasimama mlangoni, nikamwambia mjomba azime gari. Ameniita muuaji, majirani wanasikia. Tangu hapo ndugu hawapokei simu zangu, na wateja wawili wamekuja kuchukua vitambaa vyao kabla sijavikata. Ungekuwa upande wangu tungetukanwa wawili, na mimi ningeweza kulala.

Mama yuko kitandani kwake. Hatapiki tena. Daktari amempa dawa za maumivu, na kasema siku zilizobaki si nyingi. Mimi bado nina hasira nawe, na sijui itaisha lini.

Lakini mwenye kuamua si mimi. Nilimuuliza mama kama uje. Alivuta shuka mpaka kidevuni. Kisha akasema, "Aje. Ila asinieleze."

Dada yako