Mashine ya Wakfu Inasaga Kaengesa

Jumapili, jioni. Upepo unavuma tangu asubuhi na baridi imeingia mpaka kwenye godoro. Nimejifunga khanga mbili na bado natetemeka, ila sidhani kama ni baridi peke yake.

Kaka yangu amenidanganya kwa miaka mitatu. Nimeiandika sentensi hii, nimeifuta, nimeiandika tena.

Baba yetu alikuwa na mashine ya kusaga pale Mollo. Kabla hajafa aliwaita wazee wa msikiti na majirani, akaitoa wakfu mbele yao: mashine ni ya Mungu, haiuzwi, hairithiwi, na kinachopatikana ni cha wajane na yatima wa mtaa. Hakuuliza mtu anasali wapi. Akamwita fundi achomelee neno WAKFU kwa herufi za chuma ubavuni mwake. Usimamizi akampa kaka Hamisi, mtoto wake wa kwanza.

Wajane walisaga bure, na sare za watoto wao zilitoka hapo. Kisha siku moja kaka akaja na uso wa msiba. Mashine imekufa, akasema. Injini imepasuka, mafundi wameshindwa, imebidi iuzwe chuma chakavu.

Wapo wajane walionung'unika. Mimi ndiye niliyesimama mbele yao nikaapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba kaka yangu hawezi kugusa mali ya yatima. Niliapa huku nalia.

Jana nilikwenda Kaengesa kuwapima akina mama wa kwaya wanaotaka sare mpya. Mwenyekiti wao alikuwa amekwenda kusaga ulezi, nikaambiwa nimfuate huko huko mashineni. Nikaingia. Mashine imepakwa rangi ya bluu, inanguruma vizuri kabisa, vumbi la unga limejaa hewani. Ubavuni, chini ya ile rangi, herufi za chuma zimevimba kama makovu.

Nilizipapasa kwa vidole, moja moja, mpaka ya mwisho.

"Hii mashine ya nani?" nikamuuliza baba anayeiendesha.

"Ya Hamisi, yule wa mjini. Ameniweka hapa huu mwaka wa tatu. Mashine nzuri hii, mama. Haijawahi kunisumbua hata siku moja."

Vipimo vya kwaya nimevichukua, lakini sijui nimeandika nini.

Nikarudi mjini moja kwa moja hadi dukani kwa kaka. Alikuwa anakunywa chai. Nikamwambia nimetoka Kaengesa, nimeiona. Nilitegemea ashtuke. Nilitegemea, Mungu anisamehe, anipe uongo mwingine niuamini.

Akaweka kikombe chini. "Mdogo wangu, yule alikuwa baba yangu kabla hajawa baba wa wajane. Mimi nina watoto sita. Aliniachia nini?"

"Alikuachia amana, kaka."

"Amana hailiwi."

"Niliapa kwa ajili yako mbele za watu!"

"Nani alikutuma uape?" Kisha akasema kwa sauti ya chini, karibu ya huruma, "Na hiyo cherehani niliyokununulia, unadhani ilitoka wapi?"

Nilitoka nikaacha mkoba wangu juu ya kaunta.

Cherehani hiyo ndiyo inayonilisha. Alininunulia mwaka ule ule mashine "ilipokufa", nikamwombea dua mpaka magoti yakaniuma. Nimewashonea watoto wa wajane nguo za Idi kwa cherehani hiyo, nikajiona mwema.

Leo asubuhi nikaenda Mollo kwa Bi Zuhura, mkubwa wa wale wajane. Nilimkuta anapukuchua mahindi uani. Nikamwamkia shikamoo, nikakaa chini, nikamweleza yote bila kumtazama, na la cherehani pia.

Hakuacha kupukuchua.

"Tunajua, mwanangu," akasema. "Mwanangu wa kiume aliiona huko, mwaka juzi."

"Mbona hamkuniambia?"

"Ulikuwa umeapa. Tukasema, tukimwambia tutamvunja. Tukadhani labda na wewe unajua."

Labda na wewe unajua.

Maneno haya yameniuma kuliko yote ya kaka. Miaka mitatu wamenisalimia, wamenipa mahindi mabichi, wamekuja kunipa pole nilipougua, na muda wote huo hawakuwa na uhakika kama mimi ni mwizi. Kaka hakuchukua mashine tu. Alinichukulia jina langu akalivaa.

Mchana mimi na Bi Zuhura tulikwenda kwa imamu. Alitusikiliza, akainamisha kichwa, akasema alikuwepo baba alipoitoa wakfu. Ijumaa baada ya swala wazee watakaa, kaka ataitwa, na mimi nitasema nilichokiona. Imamu anataka mashine irudi Mollo na usimamizi apewe mtu mwingine. Nikasema cherehani nayo iwekwe mezani, waamue wao. Bi Zuhura akanishika mkono.

Alasiri, wito wa imamu ulipomfikia, kaka amenitumia ujumbe. Ukisimama Ijumaa, usihesabu tena kwamba una kaka.

Nimeusoma mara nyingi. Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni kwenda madrasa wakati wa mvua. Huyu ndiye aliyenifundisha alifu na be. Sijui nimweke wapi yule wa zamani sasa, maana bado nampenda, na hilo ndilo linalonitia hasira.

Nitasimama. Sauti itatetemeka, lakini safari hii nitaapa juu ya kitu nilichokishika kwa mkono wangu.

Kisha nitarudi nyumbani, na sikukuu ijayo nitampelekea nani pilau?