Ritifaa ya Shangazi

Jumanne, 4 Machi

Fundi wa kompyuta kaikagua mashine ya shangazi kwa jicho moja. Imezeeka, anasema, programu mpya za kusoma kwa sauti haziikubali, nunueni nyingine. Nimemshukuru, nikabeba mzigo wangu.

Shangazi haoni, mwaka wa pili sasa. Nikiwa kazini, ujumbe wa mwanawe anasomewa na jirani, Mama Redio—na jina hilo hakulipata bure! Chai haijapoa, mtaa mzima unajua binamu kaandika nini. Binamu ni dereva wa malori ya masafa marefu. Shangazi kamwomba mara ngapi aache, arudi nyumbani, kwenye chumba chake cha nyuma. Hata hilo mtaa unalijua. Leo shangazi kaniambia naye anataka siri zake. Alicheka, lakini hakuwa anatania.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata programu ya bure. Ila haijaundwa—msimbo mtupu, maandishi ya kompyuta tu! Unaisanidi mwenyewe, unaiunda mwenyewe. Haya.

Nimeanza saa ya chakula, mezani pangu kazini. Inahoji kama mama mkwe: hiki unacho? Kile je? Mwisho ikagoma. Maktaba haijapatikana. Haijapatikana! Mimi mkutubi, nimezungukwa na rafu kumi na nne! Kumbe maktaba kwao ni furushi la msimbo ambalo programu inalitegemea. Nimecheka mpaka msomaji mmoja akanionyesha kibao chetu cha KIMYA.

Ijumaa, 7 Machi

Makosa thelathini na moja. Kisha tisa. Kisha moja. Kisha—hakuna! Mistari imeteremka kwenye skrini dakika arobaini, nami naichunga kama maziwa jikoni.

Imemsomea shangazi jina lake. Sauti ya mtu mwenye mafua, anasema, lakini atamzoea. Nimefurahi mno. Hata vyombo nimeosha naimba.

Jumamosi, 8 Machi

Binamu kaandika. Shangazi kavaa spika za masikioni, kabonyeza. Punde kaniita. Inasema: Mama, nimeamua kung. Basi. Kimya.

Nikainama nitazame skrini. Akaifunika kwa kitambaa cha meza! Nisimsomee, anasema, niitengeneze mashine. Mama Redio naye keshafika mlangoni, eti kaja kuomba chumvi.

Kungoja, akasema shangazi baadaye. Ni neno gani jingine? Kaamua kungoja mwaka mwingine. Jioni hakumaliza chakula.

Jumapili, 9 Machi

Nimegundua. Aibu yangu! Wakati wa kusanidi niliulizwa alama ipi inafunga maneno, nikaweka ritifaa, kialama hiki ('). Sasa ikikutana na ng' inadhani habari imekwisha. Nimeijaribu kwa ng'ombe: ikasema ng, ikanyamaza. Mkutubi mzima nimesahau ng'ombe!

Lakini ngoja. Kungoja hakuna ritifaa. Ingelisoma lote! Nikaruka kitini nikamwambie—nikakaa tena. Kung'atuka? Ndilo aliloomba shangazi siku zote. Au kung'ang'ania? Hapo nikaufyata ulimi.

Nimeondoa alama, nimeunda upya. Dakika arobaini nyingine. Shangazi kakunja nguo, kazikunjua, kazikunja tena zile zile.

Imekwisha. Kavaa spika, kaninyooshea kidole mlangoni. Nimetoka, nimefunga, naandika haya sebuleni. Namsikia anabonyeza. Anabonyeza tena. Mara ya tatu sasa.

Mama Redio kachungulia dirishani: kijana kaandika nini? Sijui, nimemwambia. Hakuamini, maskini, na safari hii nasema kweli.

Mlango huo. Shangazi kasimama, kashika kizingiti, macho mekundu. Nisimuulize kitu, anasema. Siulizi.

Halafu, polepole, kama mtu anayeuliza saa: zile shuka za chumba cha nyuma, tuliziweka wapi?