Farasi wa Vitanga Kumi na Vitano

Bwana wangu mpenzi,

Nakutangazia wewe uliye chini ya mchanga, na mtaa mzima wa Mkomani usikie: upana wa kitanga cha mkono wangu sasa wajulikana. Nimeazima ufito wa Kidachi wa kupimia kwa seremala. Ni sentimita tisa, pamoja na gumba.

Wakumbuka kitanga hiki kilivyotaka kukufikisha Makka? Mdachi mwenye shamba la minazi bara alituma neno kwamba atamnunua farasi wetu kwa bei ya kutosha Hijja yako, mradi asipungue sentimita mia na hamsini mabegani. Sisi sentimita hatukuwa nazo. Karani mmoja wa forodhani akakwambia Waingereza humpima farasi kwa vitanga, kila kimoja sentimita kumi na kidogo. "Wewe mpime kwa vitanga," akasema, "Mdachi atazidisha mwenyewe."

Nawe ulikuwa muuza nguo. Dukani kitambaa alikipima mpwa wako, kwa kuwa Mungu alimjaalia mkono mfupi. Wanunuzi wenye akili nao walikuja na mjomba mwenye mkono mrefu. Kwa farasi ukafuata ada ile ile. Ulianza na kitanga chako, kipana kama kafi, ukapata kumi na viwili. Ukaguna.

"Ndoo, Bi Zena," ukaniita. "Ndoo uani na mkono wako mdogo."

"Bwana, huku si kudanganya?"

"Mkono ni mkono. Kwani mimi ndiye niliyekupa?"

Nikampima kutoka kwato hadi bega, kitanga juu ya kitanga. Kumi na vitano. Mdachi alipozidisha akapata mia na hamsini na mbili, akatuma kusema anakuja. Majirani wakaanza: "Haji, usitusahau kwa zamzam!" Ukawa waitika.

Akaja na ufito wake. Mia na thelathini na tano.

"Huyu ni mbuzi?" akauliza.

"Jana alikuwa mrefu, Bwana," ukamjibu. "Amekuogopa."

Alipokwenda zake uliketi dakani, mlangoni petu, ukaulaza mkono wangu juu ya wako. Ulienea ndani, pakabaki nafasi. Ukaigusa ile nafasi: "Hijja yangu imekwama hapa." Ulicheka. Mimi sikuweza. Na msimu wa mahujaji uliofuata haukukukuta.

Tangu uliponiacha sikutaka jingine ila farasi auzike, apatikane mtu wa kukuhijia. Nikajifunza ile hesabu, peke yangu, hata nikaweza kumtaja kwa Kiingereza, vitanga kumi na vitatu na kidogo, na kwa Kidachi pia. Safari hii mnunuzi asitoke na neno la lawama mdomoni. Mkono wako sinao tena wa kulaza wangu, basi nikaushughulisha na ufito.

Jana amekuja bwana mmoja wa Faza, amwoza mwanawe, ataka bwana harusi apande farasi. Nilikuwa nyuma ya pazia, hesabu zote kichwani, nikingoja kuulizwa.

"Auma?" akauliza.

"Haumi," nikajibu.

Akalipa, akamchukua. Sharifu wa mtaa wa pili atakuhijia mwaka huu, inshallah. Lala salama, Haji wangu.

Farasi hakupimwa.

Mkeo