Maneno ya Saile

Carna, 9 Novemba

Kaka yangu mpendwa Fiachra,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Boston, pamoja na wifi na watoto. Sisi hatujambo, ila Baba ulimi wake bado mzito tangu kiharusi.

Nakuandikia kuhusu yule Bláthnaid kutoka Galway, anayekusanya maneno ya Kiayalandi ya bahari. Aliniambia kuwa mengi ya mtandaoni hayaaminiki. Mengine hakuna mvuvi aliyewahi kuyatamka. Kwa hiyo yeye kila neno huliandika na jina la aliyelisema, na mfano wake. Wakati wa kiangazi nilikuandikia kwamba Baba amempa maneno kumi na mawili, ukafurahi mno.

Jumatatu alirudi na orodha, akamsomea Baba karibu na moto. Akafika kwenye maidhm, wimbi linalopasukia mwambani: “Ukiisikia maidhm, acha mwani, shika mtoto.” Baba akainua mkono wake mzima. Akasema kwa shida, “Si yangu hiyo. Ya Saile.”

Bláthnaid akanigeukia. “Neasa, Saile ni nani?”

Kaka, ni mimi niliyedanganya. Watu walikuwa wameanza kumsemesha Baba kama mtoto mchanga, nikataka jina lake lichapishwe mahali. Nikawa naenda kwa Saile, jirani yetu mchuma mwani, nikijifanya nataka kujifunza tu. Alinicheka: “Mwalimu mzima, leo ndiyo unakuja kuniuliza bahari?” Akanipa yote, na chai juu yake, nami nikampelekea Bláthnaid kama maneno ya Baba. Tulimzika Septemba, hakujua kitu.

Nikakiri palepale. Bláthnaid hakunigombeza. Alikata jina la Baba mara kumi na mbili, akaandika la Saile, nami nikausikia kila mkwaruzo wa kalamu. Kisha akamuuliza Baba kama ana neno lake mwenyewe. Baba akatazama bahari dirishani. “Téigle,” akasema. Bahari iliyotulia, haina kunyanzi. Hilo limeandikwa kwa jina lake.

Binti yake Saile sijamwambia. Nimefika langoni kwake mara mbili nikageuka. Baba amejua, asubuhi hii ameniomba koti lake, ameketi kwenye kiti cha magurudumu mlangoni, ananisubiri nimsukume twende kwa huyo binti.

Wabusu watoto kwa ajili yetu, na wifi mpe mkono wangu.

Dada yako,
Neasa