Mashine Isiyonyanyuka

Mchumba wangu, mjukuu mkaidi,

Mimi mzima, bibi yako naye mzima, hasa mdomo. Jana nimeota niko maabara kwenu, herufi za vinasaba zinaelea kama nyuzi kwenye mwanga wa dirisha, nami nazidaka kwa sindano.

Uliponieleza kwa simu habari za kompyuta yenu mpya nilielewa nusu. Damu ya mtu inasomwa vipandevipande, kisha kila kipande kinatafutiwa mahali pake. Kompyuta za zamani zilihangaika kwenda stoo na kurudi kwa kila kipande. Hii yenu inalinganisha humohumo stoo, ndani ya kumbukumbu yake. Nikacheka. Miaka yote nashona nimezungukwa na vitambaa sakafuni, nalinganisha viraka bila kunyanyuka, na bibi yako ananiita mvivu. Leo uvivu wangu una shahada.

Lakini mama yako kaninong'oneza kwamba mmeshasoma damu za watu wengi, na yako bado iko kwenye friji. Unaogopa kuukuta ugonjwa uliomchukua mwanangu, baba yako. Hata mimi naogopa. Zamani majibu yalichelewa, mtu akapata nafasi ya kujiandaa. Hii itakujibu kabla chai haijapoa.

Basi usiisome peke yako. Nafika Alhamisi, nitakaa pembeni yako. Bibi yako nimemwambia naenda kung'olewa jino. Anajua fika sijabakiwa na hata moja. Ameninyooshea tu shati jeupe.

Wako mzee,
Babu Fundi