Miche 9,973 Isiyokubali Kugawanyika

Kericho, shamba la chai

Kaka Zakaria,

Nakusalimu kwa sababu Mama alitufundisha kusalimu. Mimi nakohoa kwa baridi ya huku, lakini kazi naenda. Wewe na shemeji Dorka nadhani mko wazima, maana nguvu za kunitukana mnazo.

Barua yako ya msiba imefika. Unauliza mimi ni mtoto gani nisiyemzika mama yangu. Haya, keti usome, Mwalimu.

Niliposikia Mama ni mgonjwa, nilimwendea nyapara kuomba ruhusa. Akanionyesha miche ya chai iliyotolewa kitaluni, 9,973. Bwana mwenye shamba ameihesabu mwenyewe, anataka ipandwe kwa safu zenye miche sawa, usibaki hata mmoja. "Wewe si umesoma misheni?" akasema. "Nipe hesabu ya safu, upate ruhusa. Ukishindwa, chimba mashimo."

Nikakubali papo hapo. Kwa sababu wewe ulisimama mbele ya darasa ukasema ni namba ndogo tu, kama saba na kumi na tatu, ambazo hazigawanyiki. Kubwa zote, mtu asiye mvivu atapata cha kuzigawa. Nilipouliza kama una hakika, ulinichapa!

Nikagawa kwa tatu, ikabaki moja. Kwa saba, tano. Kwa kumi na moja, saba. Kwa kumi na tatu zikabaki mbili, nikadhani nimekaribia, mjinga mimi. Siku nne nachora udongoni kwa kijiti wenzangu wakila ugali. Arap Koech, tunayelala naye nyumba moja, hajui hata kuandika jina lake. Akaniambia, "Ng'oa moja, tupa. Nani ataona?" Nikamkemea, eti mimi mwanafunzi wa Mwalimu Zakaria siibi hesabu. Siku ya nne nikafika tisini na saba, zikabaki sabini na tisa. Mbele hakuna haja ya kujaribu tena: mia mara mia inaipita namba yenyewe, kwa hiyo kigawanyo kimoja kingekuwa chini ya mia. Haigawanyiki, Kaka. Kubwa vile, na haigawanyiki!

Ungenifundisha ukweli, ningemwambia nyapara haiwezekani siku ile ile, nikatoroka kwa miguu. Hadi nyumbani ni siku mbili. Kwa tarehe uliyoandika wewe mwenyewe, siku yangu ya tatu ya kugawa Mama alikuwa bado anaita jina langu.

Msalimie shangazi aliyemwosha Mama, na mjomba aliyeshika jembe mahali pangu kaburini. Mwanangu mtoe darasani kwako leo hii. Heri achunge mbuzi.

Nilipomaliza kusoma barua yako niling'oa mche mmoja nikautupa msituni. Zikatoka safu thelathini na sita, kila moja miche mia mbili sabini na saba, sawasawa. Nyapara akacheka kwa furaha, akanishika mkono. "Haya, msomi, ruhusa yako hii. Nenda ukamwone mama."

Ndugu yako,
Owuor